Nani Atawapa Maji?

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka 38. Niliiandika ubaoni, nikawataka watoto waitungie sentensi, nikasahihisha madaftari yao kwa wino mwekundu. Lakini mimi mwenyewe nilichelewa sana kuielewa. Na aliyenielewesha hakuwa mzee wa ukoo wetu wala padri wa parokia yetu. Alikuwa Mhindi mwenye duka pale Musoma mjini.

Nilizaliwa mwaka 1950 katika mji wa babu yangu, kwenye vilima vilivyo kati ya Bunda na Butiama. Ninaposema mji sina maana ya mji wenye barabara na taa, bali mji kama wazee wetu walivyouita: nyumba chache za nyasi, zizi la ng'ombe katikati, na ua wa minyaa kuzunguka yote. Babu alizikwa karibu na zizi, na baba yake babu hatua chache kutoka pale. Makaburi hayakuwa na msalaba wala saruji. Yalikuwa na mawe tu, na sisi watoto tulikatazwa kuyakalia.

Kila baada ya mavuno baba alichukua unga wa ulezi mpya, akaukoroga na maji katika kibuyu, akaumimina polepole juu ya mawe yale huku akitaja majina. Aliwaambia kwamba mvua ilikuwa nzuri au mbaya, kwamba fulani ameoa, kwamba fulani amezaa mtoto na mtoto amepewa jina lao. Alisema nao kama mtu anayempa jirani habari za nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimebatizwa, nimevaa kaptula ya shule ya misheni, nikiona haya kidogo.

Mwaka 1972 nilimaliza Chuo cha Ualimu Butimba, nikapangiwa shule ya msingi katika wilaya yetu wenyewe. Mwaka 1973 Serikali iliagiza wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976, na mwaka 1974 operesheni hiyo ikafika mkoa wetu wa Mara. Sisi walimu tulisaidia kuandika majina ya wakuu wa kaya na kuwaeleza watu faida za kuhamia kijijini. Na faida zilikuwapo, sitazikana. Shule niliyofundisha ilijaa watoto ambao wasingeiona kamwe kama wangebaki wametawanyika vilimani. Nilikuwa kijana wa miaka 24 na niliamini kila neno nililolisema.

Baba hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Nimekubali, mwanangu. Shule ni jambo jema. Lakini huyu nimwache na nani?" Akanyoosha mkono kuelekea yale mawe kando ya zizi.

Nikacheka. Nikamjibu, "Baba, wafu hawali."

Hakunijibu. Aliinama akafungua kamba ya mbuzi wake, tukahama. Mwaka 1979, vita vya Uganda vilipokuwa vikiisha, aliniomba nimsindikize siku moja kule kwenye itongo letu, yaani mahame ya mji wetu wa zamani. Ilikuwa mwendo wa saa 3 kwa miguu, na baiskeli ninayo. Nikamwambia angoje mtihani wa darasa la 7 upite. Mtihani ukapita, zikaja shughuli nyingine. Mwaka uliofuata miguu yake ikakataa kabisa. Alifariki mwaka 1981, tukamzika nyuma ya nyumba yake kijijini, kaburi la saruji, kwa sala za Kanisa. Kila kitu kilikwenda vizuri. Lakini lile ombi nililibeba rohoni kama kijiwe ndani ya kiatu.

Basi nimeleze huyo mwenye duka. Duka lake lilikuwa karibu na mtaa wa Mukendo. Babu yake alitoka Gujarat, akavuka bahari kwa jahazi mpaka Mombasa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliingia katika meli za ziwani na kuenea Musoma, Mwanza na Bukoba. Huyo babu alikuwa mmoja wao. Alifia Musoma, akachomwa kwa desturi yao, majivu yake yakatiwa ziwani. Baba wa mwenye duka naye vivyo hivyo. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kizazi cha 3 katika mji ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha Musoma kabisa. Watoto wa ndugu yake walimwita "Kaka". Sisi tulishangaa watoto wadogo kumwita mzee yule kaka, mpaka tulipoelezwa kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo.

Siku moja ya Septemba 1984 nilikwenda dukani kwake kutafuta kitambaa cha sare za shule. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu na rafu zilikuwa nyeupe. Nikakuta duka limefungwa saa 3 asubuhi, jambo lisilo la kawaida. Kijana wake wa kazi akaniambia, "Mzee yuko ziwani, Mwalimu." Kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali, nikateremka kumfuata.

Nilimkuta penye mwamba mmoja mkubwa, amesimama majini mpaka magotini, amevaa shuka nyeupe. Pembeni yake juu ya jiwe palikuwa na chombo cha shaba na ufuta mweusi kidogo. Alichota maji kwa viganja, akatia ufuta, kisha akayamwaga. Hakuyamwaga kwa ncha za vidole kama mtu anayenawa. Yalitoka pembeni, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Alisema maneno kwa sauti ndogo, akachota tena, akamwaga tena. Nilikaa kimya mpaka akamaliza.

Aliponiona akatabasamu. "Mwalimu, samahani kwa duka. Leo nampa dada chakula."

Nikamwuliza kwa heshima, "Dada yako mgonjwa, Mzee?"

Akacheka mpaka akashika jiwe. Kwa Kigujarati, akanieleza, dada ni babu mzaa baba. Siku ile ilikuwa siku ya babu yake.

Tukakaa juu ya mwamba, akanifundisha, na mimi niliyezoea kufundisha nikawa mwanafunzi. Wahindu huhesabu miezi yao kwa mwezi wa angani. Kila mwaka kuna nusu ya mwezi, kuanzia mwezi mpevu mpaka usiku wa giza, ambayo wameitenga kwa ajili ya wazee waliotangulia. Mara nyingi huangukia Septemba, pengine huingia Oktoba. Ibada yenyewe huitwa shraddha, na neno hilo linatokana na neno lao la imani, kwa maana kwamba jambo hili lafanywa kwa moyo wa kuamini au lisifanywe kabisa. Kila marehemu hukumbukwa katika siku ya mwezi aliyofariki: aliyekufa siku ya 5 ya mwezi hupewa siku ya 5, aliyekufa siku ya 9 hupewa siku ya 9. Mwenye kutoa ni mtoto wa kiume, naye huwataja hasa watu wa vizazi 3: baba, babu, na baba wa babu. Huelekeza uso kusini, kwa sababu kwao kusini ndiko kwenye makao ya Yama, mfalme wa wafu. Wengine hufinyanga mabonge ya wali uliochanganywa na ufuta, wakayaweka juu ya majani maalumu.

"Na hayo maji na wali vinawafikia?" nikamwuliza. Nilikuwa nimewahi kuuliza swali hilo kwa namna nyingine, miaka 10 nyuma, kwa kicheko.

Alifikiri. "Mwalimu, mimi nauza nguo. Mambo ya juu siyajui. Lakini najua baba yangu aliwapa, na mimi nilimwona akiwapa. Nikiacha, mwanangu ataona nini?"

Kisha akanisimulia kisa cha Karna, shujaa mmoja katika masimulizi yao makubwa ya Mahabharata. Karna alikuwa mkarimu kupita wote. Hakuna masikini aliyetoka mlangoni pake mikono mitupu. Alipokufa vitani akafika mbinguni, na alipoketi kula akaletewa sahani ya dhahabu na vito. Akaomba chakula, akaletewa dhahabu tena. Akauliza sababu. Akaambiwa kwamba maisha yake yote alitoa dhahabu, lakini hata siku moja hakuwapa wazee wake chakula wala maji. Karna akajitetea: alitupwa angali mchanga, akalelewa na watu wengine, hakuwajua wazee wake ni nani. Utetezi wake ukakubaliwa. Akaruhusiwa kurudi duniani kwa muda wa nusu mwezi ili awatolee wale asiowajua. Na nusu mwezi hiyo, alisema mwenye duka, ndiyo hii.

"Na mtu akisahau siku aliyokufa baba yake?" nikauliza.

"Ipo siku yake pia," akasema. "Siku ya mwisho, mwezi ukiwa umezama kabisa. Siku hiyo ni ya wote waliosahauliwa. Hujui tarehe, hujui mahali, hujui hata jina, unakuja siku hiyo. Na mwisho wa maji yetu huwa tunataja wasio na mtu: waliokufa bila mtoto, wageni, watu wa mahali popote. Nao wanapata."

Akanialika nyumbani. Mke wake alikuwa amepika wali wa maziwa na sukari, ingawa Mungu ndiye ajuaye sukari ile ilipatikana wapi mwaka ule, na mikate myembamba iliyofura katika mafuta, na mboga zisizo na kitunguu wala nyama. Kabla ya mtu yeyote kula, sehemu ilitengwa kwa ajili ya ng'ombe, sehemu kwa mbwa, na sehemu ikawekwa juu ya ukuta wa uani kwa ajili ya kunguru, maana kwao kunguru ndiye mjumbe wa waliokwenda. Tukangoja. Kunguru hakuja. Dakika zikapita, wali ukapoa, mke wa mwenye duka akaanza kuingia na kutoka kwa wasiwasi. Hatimaye akashuka mmoja, wale weusi wenye shingo nyeupe, akatazama kulia na kushoto, akala. Nyumba nzima ikapumua. Nami, Mkristo na mwalimu mkuu, nilijikuta nimepumua pamoja nao.

Desturi yao yataka Brahmini, mtu wa ukoo wa makuhani, alishwe siku hiyo. Musoma Brahmini alikuwa hapatikani. Mwenye duka akanivutia kiti. "Kazi ya Brahmini ni kufundisha," akasema. "Wewe unafundisha. Kaa ule, Mwalimu." Nikala. Kila tonge nililolitia kinywani nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 1974: Baba, wafu hawali.

Miaka ikaenda. Majumba ya watu yalikuwa yametaifishwa tangu 1971, na Wahindi wa Musoma walikuwa wakipungua kidogo kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwenye duka naye akaondoka kumfuata mwanawe Leicester, Uingereza, kwenye Wagujarati wengi waliotoka Afrika Mashariki. Siku ya kuagana hakuzungumza habari za duka. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, kule hakuna ziwa hili." Nilimwelewa. Baba yake na babu yake walikuwa ndani ya maji yale.

Mwaka 2001 mwanawe alikuja Musoma, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akaniulizia mpaka akanipata. Baba yake alikuwa amefariki. Sehemu kubwa ya majivu waliimimina Uingereza, lakini mzee aliacha usia kwamba sehemu ndogo iletwe Ziwa Victoria. Jambo hili si geni katika ziwa letu. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimiminwa kule Jinja, mahali mto Nile unapotoka ziwani. Kijana akaniambia, "Baba alisema wewe unaujua mwamba wenyewe."

Niliujua. Nikampeleka. Akaingia majini akiwa amekunja suruali yake, mikono ikimtetemeka, akanitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu. Nikamwonyesha mahali baba yake aliposimama. Nikamkumbusha uso uelekee kusini, na maji yapite pembeni ya kidole gumba. Akamimina. Alilia, nami nikageuka nikatazama mashua za wavuvi.

Usiku ule sikulala. Mimi, mtu wa Mara, nilikuwa nimemwonyesha Mgujarati wa Leicester mahali pa babu yake. Na mimi kaburi la babu yangu lilikuwa wapi? Ningeweza kumwonyesha mwanangu? Tangu 1974 sikuwa nimekanyaga pale.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kesho yake. Sikwenda. Nilingoja miaka 9 mingine, mpaka nilipostaafu mwaka 2010. Mwezi Oktoba mwaka huo nikatazama kalenda, nikaona mwezi wa angani utazama tarehe 7. Nikamchukua mjukuu wangu, ambaye amepewa jina la yule babu wa kando ya zizi. Nikabeba unga wa ulezi na chupa ya maji. Tukapanda gari mpaka barabara ilipoishia, kisha tukatembea.

Minyaa ilikuwapo, imekuwa miti mikubwa. Jiwe la kusagia la bibi lilikuwapo, limepasuka. Lakini mahali pa zizi palikuwa shamba la pamba. Plau lilipita juu ya kila kitu, na mawe yote yalikuwa yamekusanywa na kurundikwa pembeni ili yasisumbue maksai. Mwenye shamba, kijana mpole, alitupokea vizuri. Hakujua kwamba palikuwa na makaburi. Angejuaje? Nani alimwambia? Tulizunguka karibu saa 2. Nilijaribu kupima kwa macho kutoka kwenye jiwe la kusagia, nikashindwa. Sikuliona kaburi la babu yangu, wala la baba yake, na sasa najua sitaliona.

Basi nikasimama penye rundo la mawe, maana mojawapo ya mawe yale lazima lilikuwa lao. Nikakoroga ulezi na maji. Nikasema Baba Yetu, kwa kuwa hiyo ndiyo sala yangu. Kisha nikataja majina ninayoyajua, na nilipofika kwa yale nisiyoyajua nikasema, "Na ninyi wengine." Nikamimina. Nikawaambia kwamba mwanao alitaka kuja mwaka 1979, na kwamba asiyemleta ni mimi.

Mjukuu akaniuliza, "Babu, wanakunywa?" Nikamjibu, "Mimi sijui. Najua nilipaswa kuleta."

Kuna watakaosema kwamba nimechanganya dini. Nimelifikiri hilo. Kanisa langu lenyewe limetenga tarehe 2 Novemba kuwaombea marehemu wote, wenye majina na wasio na majina. Wazee wetu walimimina ulezi. Yule Mhindu alimimina maji na ufuta. Imani zao hazifanani, na sidai zinafanana. Ila zote zinakataa lile nililolisema mimi kwa kicheko nikiwa na miaka 24.

Tarehe 23 Oktoba 1999 nilikuwa katika umati uliofurika Butiama siku ya kumzika Mwalimu Nyerere. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake, Mtemi Nyerere Burito, na akabaki Mkatoliki imara mpaka kufa. Alifia London, lakini alilazwa nyumbani, karibu na makaburi ya wazazi wake, mahali panapoitwa Mwitongo. Mgeni hulisikia jina hilo kama jina tu. Sisi tunasikia: kwenye itongo, kwenye mahame ya wazee. Simsemi kwa kumlaumu juu ya vijiji. Shule nilizozitumikia ni matunda ya kazi yake. Nasema tu kwamba siku ile nilimwonea wivu maiti. Alijua kwake.

Ndugu msomaji, kama wazazi wako wangali hai, usingoje mtihani upite. Nunua daftari. Waulize majina ya baba zao na mama zao, na ya waliowazaa hao, na mahali walipozikwa, na mti au jiwe lililo karibu. La kwangu lina majina 11, na kurasa nyingi tupu. Nimemkabidhi mjukuu wangu, naye sasa ni mtu mzima mwenye mtoto. Mwaka jana miguu yangu ilianza kunikataa, kama ilivyomkataa baba. Mjukuu akaja na pikipiki bila kuombwa, akanipakia nyuma, tukaenda.